Barua Zenu: Kutu ya Seli, Kipimo cha Mkojo na Ugonjwa wa Parkinson

Toleo lililopita niliandika aya moja kuhusu ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, na hali iitwayo msongo wa oksidesheni, yaani oksijeni kali kuchoma seli kama kutu inavyokula chuma, nikapita. Barua zilizofuata zimenirudisha. Nimechukua tano, nikazifupisha bila kugusa maana. Kwa mgeni wa ukurasa huu: nimekuwa fundi sanifu wa maabara kwa miaka 22, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeshika damu, mkojo na maji ya uti wa mgongo ya watu waliojitolea kwenye tafiti za magonjwa ya neva. Mimi si daktari. Ninachokijua vizuri ni safari ya sampuli, tangu inapotoka mwilini mwa mtu mpaka inapogeuka tarakimu kwenye karatasi. Safari hiyo ina mashimo mengi.

"Shikamoo mama. Baba yangu ana miaka 67, aligundulika na Parkinson miaka miwili iliyopita. Maabara moja imempima mkojo, wakasema kiashiria chake cha msongo wa oksidesheni kiko juu sana, karibu mara mbili ya kawaida. Wamemwambia arudi kila baada ya miezi mitatu wafuatilie ugonjwa unavyokwenda. Tangu siku hiyo baba hali vizuri, halali, anaitazama ile karatasi tu. Je, ubongo wake unaharibika kwa kasi?" – Binti anayemuuguza baba

Marahaba mwanangu. Nakupa jibu kwanza ili ukamwambie, maelezo yafuate. Karatasi ile haiwezi kusema kitu hicho. Haijui ubongo wa baba yako unakwendaje.

Umenitumia nakala, nimeiona. Walichopima kinaitwa 8-OHdG. Ni kipande cha DNA kilichochomwa na oksijeni kali. Seli zina mafundi wao wa ukarabati: wakikuta herufi ya DNA imeharibika wanaing'oa, wanaweka nzima, na ile mbovu hutupwa, ikaingia kwenye damu na kutoka kwa mkojo. Kwa hiyo ukipima mkojo unahesabu takataka za ukarabati. Lakini takataka za nani? Za mwili mzima: ini, misuli, mapafu, ngozi, utumbo, figo. Eneo la ubongo linaloumwa kwenye Parkinson ni dogo mno, halifiki hata ukubwa wa ncha ya kidole chako kidogo. Mchango wake kwenye kikombe kile cha mkojo huwezi kuutenganisha na wa ini. Uvutaji wa sigara hupandisha namba hiyo. Kisukari huipandisha. Uvimbe wa aina yoyote huipandisha.

Halafu kuna hesabu ambayo watu wengi hawaambiwi. Mkojo unaweza kuwa mzito au mwepesi kutegemea mtu kanywa maji kiasi gani, kwa hiyo maabara hugawanya namba ya 8-OHdG kwa kreatinini, kitu kinachotoka kwenye misuli. Sasa tuseme watu wawili wametoa kiasi kilekile cha 8-OHdG, nanogramu 8. Mmoja ana misuli ya kijana, kreatinini yake miligramu 1.0. Jibu lake ni 8. Mwingine amekonda, misuli imepungua, kreatinini yake 0.6. Jibu lake linatoka 13. Uharibifu ni uleule, ila karatasi ya pili inatisha. Umeniandikia kwamba baba amepungua uzito tangu aanze kuumwa. Hilo peke yake linaweza kusukuma namba juu bila seli moja ya ziada kuungua.

Sitaki uelewe kwamba wazo lenyewe ni la uongo. Ni la kweli, tena ni miongoni mwa mambo yenye ushahidi mzito kuhusu ugonjwa huu. Niliwahi kuonyeshwa vipande viwili vya shina la ubongo juu ya sahani nyeupe, vya watu wawili waliotoa miili yao kwa sayansi. Kwa yule asiyekuwa na Parkinson, kulikuwa na mstari mweusi kila upande, kama wanja uliopakwa na mkono mtulivu. Ndiyo maana wataalamu wa kale waliliita eneo hilo kwa Kilatini *substantia nigra*, kitu cheusi. Kwa yule mwenye Parkinson, wanja ulikuwa umefutika, umebaki kivuli cha kahawia. Seli zenye rangi ile ndizo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo, na zilikuwa zimekufa.

Kwa nini hizo na si nyingine? Ubongo wote ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Ndani ya ubongo huo, seli hizi ndizo zenye mzigo mzito kupita kiasi. Seli moja ya dopamini kwa binadamu inakadiriwa kuwa na miunganiko zaidi ya milioni moja na seli nyingine, na yote inahitaji nishati mchana na usiku. Dopamini yenyewe ni jirani hatari: kimeng'enya kinapoivunja, hutoka haidrojeni peroksaidi. Ikikutana na madini ya chuma, na eneo hili lina chuma kingi ambacho huongezeka zaidi kwa wenye Parkinson, huzaa radikali, yaani molekuli yenye fujo, iliyo kali kuliko zote, inayouma chochote kilicho karibu nayo: mafuta ya utando wa seli, protini, DNA. Kinga ya seli ni glutathioni. Kwenye substantia nigra za watu waliofariki wakiwa na Parkinson, glutathioni ilikutwa imepungua kwa karibu asilimia 40. Mwaka 1989 watafiti waliripoti pia kwamba mafuta ya eneo hilo hilo yalikuwa yameharibiwa na oksijeni kuliko ya watu wengine.

Kuna kisa cha mwaka 1982 ambacho kila mtafiti wa Parkinson anakijua. Kaskazini mwa California, vijana kadhaa walioingiza mwilini dawa ya kulevya iliyotengenezwa vibaya waliganda ghafla kama wazee wenye Parkinson ya miaka mingi. Ndani yake kulikuwa na kemikali iitwayo MPTP. Mwilini hugeuka sumu inayoingia kwenye seli za dopamini na kuziba mlango wa kwanza wa mtambo wa nishati kwenye mitokondria. Mlango ukizibwa nishati inakatika na radikali zinamwagika. Baadaye mlango huohuo ulikutwa una kasoro kwa watu wenye Parkinson ya kawaida, ambao hawajawahi kugusa sumu hiyo.

Kwa hiyo kutu ipo, na ipo ubongoni. Tatizo ni kuisoma ukiwa mbali, kupitia mkojo. Namba za kundi la wagonjwa 100 zikilinganishwa na za wazima 100, tafiti kadhaa zimeona wastani wa wagonjwa uko juu. Lakini makundi hayo mawili huingiliana sana. Wapo wagonjwa wenye namba ndogo na wazima wenye namba kubwa. Mtu mmoja mmoja huwezi kumpanga kwa namba hiyo, sembuse kumfuatilia kila miezi mitatu.

Mwambie baba aikunje karatasi. Maendeleo yake yapimwe na daktari wake wa neva kwa kumtazama anavyotembea, anavyofunga vifungo, anavyogeuka kitandani. Na kupungua uzito kuripotiwe kwake haraka, kwa sababu hilo lina tiba.

"Habari za kazi, mwalimu. Nasomea shahada ya uzamili. Nimepima malondialdehaidi kwa wagonjwa wa Parkinson 40 na watu 40 wasio na ugonjwa. Kwa njia ya TBARS tofauti ni kubwa na nzuri. Nilipopeleka sehemu ya sampuli zilezile kwenye mashine ya spektrometria ya masi, tofauti imekaribia kupotea. Msimamizi wangu anasema niandike ya kwanza. Nifanye nini?" – Mwanafunzi mwenye mashaka

Salama kabisa. Usipuuze hayo mashaka, yamekuja kwa sababu.

Kwa faida ya wengine: mafuta ya seli yakiungua huacha masalia, na mojawapo ni malondialdehaidi. Njia ya TBARS ni ya zamani na rahisi. Unachanganya sampuli na asidi ya thiobabituriki, unachemsha karibu na nyuzi 95 kwa muda wa saa moja, na maji yanageuka waridi. Kadiri waridi inavyokolea ndivyo malondialdehaidi ilivyo nyingi, na mashine inasoma rangi hiyo kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita 532. Nimeipenda rangi ile miaka mingi. Inapendeza kuona mirija inakolea mmoja baada ya mwingine.

Lakini asidi ile haichagui. Inashikana na sukari, na rangi ya nyongo, na aldehaidi nyingine, zote zikaleta rangi inayokaribiana. Na kule kuchemsha ndani ya asidi kunachoma mafuta ambayo yalikuwa hayajaungua, kwa hiyo sehemu ya unachokipima umekitengeneza wewe mwenyewe mezani. Spektrometria ya masi inatenganisha kila molekuli kwa uzito wake. Zikigombana hizo mbili, mimi nasimama na mashine. Ni vilevile kwa 8-OHdG: vifaa vya kingamwili vya ELISA hutoa namba kubwa kuliko spektrometria kwa sababu kingamwili hunasa na vitu vinavyofanana nacho. Ukiona tafiti mbili za Parkinson zinapingana, angalia kwanza njia ya upimaji kabla hujaanza kutafuta sababu za kibayolojia.

Sasa naomba nikuulize maswali ambayo msimamizi wako hakukuuliza. Damu ya wagonjwa ilikaa muda gani kabla ya kuzungushwa kwenye sentrifyuji? Na ya wazima je?

Nakuuliza kwa sababu yalitukuta. Tulikuwa na matokeo kama yako, wagonjwa juu, wazima chini, pengo safi ambalo ungeweza kulipiga picha na kulitundika. Rasimu ya makala ilikuwa tayari. Wagonjwa wetu walitolewa damu kliniki, asubuhi, na mirija ilikaa kwenye kishikio mpaka kliniki iishe, ndipo mtu anaibeba kuileta kwetu. Wazima walikuwa wafanyakazi na ndugu wa wagonjwa, wakitolewa damu chumba cha pili kutoka maabara. Yao ilizungushwa ndani ya dakika 20. Mwenzetu mmoja, mtu mkimya, akaomba mkono wangu. Alinitoa damu, akaigawa kwenye mirija minne. Wa kwanza akauzungusha baada ya dakika 20, wa pili baada ya saa moja, wa tatu baada ya saa tatu, wa nne baada ya saa tano. Sote tulisimama tukiangalia rangi. Mrija wa kwanza ulikuwa na waridi hafifu. Wa nne ulikuwa umekolea kama wa mgonjwa. Damu ni ya mtu mmoja, mkono mmoja, sindano moja. Kile tulichokiita Parkinson kilikuwa saa za kusubiri kwenye kishikio.

Makala haikwenda. Niliumia, kwa sababu watu walikuwa wametupa damu yao, wengine wakiwa wanatetemeka kiasi kwamba ilibidi kushikiliwa mkono, na sisi tuliiharibu kwa kuiacha mezani.

Kwa hiyo fanya haya. Tafuta daftari la muda wa kila sampuli. Kama hakuna daftari, andika wazi kwenye tasnifu kwamba halikuwepo. Angalia plazma yenyewe, yale maji ya damu yanayobaki juu baada ya kuzungushwa: ikiwa na wekundu, seli nyekundu zimepasuka, zimemwaga chuma, na chuma kinaendelea kuchoma mafuta ndani ya mrija. Sampuli za namna hiyo ziondoe pande zote mbili, hata kama zinaharibu idadi yako. Uliza kama mirija ilikuwa na EDTA ya kuzuia damu isigande, na kama kulitiwa kizuizi cha oksidesheni kama BHT kabla ya kugandisha. Uliza kama zilihifadhiwa nyuzi 80 chini ya sifuri au nyuzi 20 tu, kwa maana kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kutu haisimami, inapunguza mwendo tu. Na angalia kama sampuli za wagonjwa zimekaa kwenye jokofu miaka mingi kuliko za wazima. Hilo la mwisho husahaulika mno.

Kisha kuna watu wenyewe. Ukichukua wenzi wa wagonjwa wawe kundi la wazima, utaona ni jambo la busara, wanakula pamoja na kuishi pamoja. Lakini Parkinson huwapata wanaume zaidi, kwa hiyo wenzi wako wengi watakuwa wanawake, na viashiria kadhaa, asidi ya yuriki kwanza, hutofautiana kwa jinsia. Wavutaji sigara ni wachache zaidi miongoni mwa wenye Parkinson, na sigara huongeza oksidesheni, kwa hiyo wazima wako wanaweza kuonekana wabaya kuliko walivyo. Na levodopa, dawa kuu ya Parkinson: wagonjwa wako wanaitumia, wazima hawaitumii. Kama una hata wagonjwa 8 ambao hawajaanza dawa, watenge uwatazame peke yao.

Kuhusu kuandika ya kwanza: andika zote mbili. Mwambie msimamizi kwa heshima kwamba mtahini yeyote anayejua kazi hii atauliza. Na ukipata nafasi ya kupima tena, fikiria aisoprosteni za F2. Ziligunduliwa mwaka 1990, zinatokana na mafuta yaliyoungua bila msaada wa kimeng'enya, zinapimwa kwa spektrometria, na haziyumbi kama malondialdehaidi. Hata hizo, matokeo yake kwenye Parkinson yamegawanyika. Lakini angalau mnabishana juu ya ugonjwa, hambishani juu ya rangi.

"Dada yangu, nina Parkinson mwaka wa sita. Kama ugonjwa huu ni kutu, mbona hatupewi cha kuzuia kutu? Nanunua vitamini E na koenzaimu Q10 kwa fedha ngumu. Niendelee?" – Mzee anayetaka ukweli

Kaka, umeuliza kitu ambacho watafiti wamekiuliza kwa miaka zaidi ya 30, na wamekijaribu kwa uaminifu mkubwa. Nakupa walichokuta.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 utafiti uitwao DATATOP uliwachukua watu 800 wenye Parkinson ya mwanzo. Baadhi walipewa vitamini E, uniti 2,000 kwa siku, kipimo kikubwa. Wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo kamili yalitoka mwaka 1993: vitamini E haikuchelewesha chochote. Ikaja zamu ya koenzaimu Q10, ambayo kinadharia ilikuwa na sababu nzuri zaidi kwa kuwa inafanya kazi palepale kwenye mtambo wa mitokondria. Watu 600, miligramu 1,200 au 2,400 kwa siku. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda kwa sababu hakukuwa na dalili yoyote ya faida, na ripoti ikachapishwa mwaka 2014.

Asidi ya yuriki ndiyo iliyonipa matumaini kuliko zote. Ni antioksidanti, yaani kizuia kutu, ya asili iliyomo kwenye damu ya kila mtu, na ikizidi huleta jongo. Tafiti nyingi zilikuwa zimeona kwamba wenye kiwango kikubwa cha asidi hiyo hupata Parkinson kwa uchache, na wakiipata, huenda polepole. Basi watafiti wakawapa watu 298 inosini, kitu kinachogeuka asidi ya yuriki mwilini, au kidonge kitupu. Asidi ilipanda kwenye damu kama ilivyokusudiwa. Ugonjwa haukupunguza mwendo, na waliopewa inosini walipata mawe ya figo zaidi. Hayo yalichapishwa mwaka 2021.

Mwaka 2022 likatoka la chuma. Deferiproni ni dawa inayokamata chuma na kukitoa. Watu 372 ambao hawajaanza levodopa waliitumia au walipewa kidonge kitupu kwa wiki 36. Picha za ubongo zilionyesha chuma kimepungua kweli kwenye substantia nigra. Lakini dalili za waliotumia dawa zilikuwa mbaya zaidi kuliko za wenzao. Siku niliyosoma matokeo yale nilikaa kimya muda mrefu. Namba ya kwenye picha ilikwenda kule tulikotaka, mtu akaenda upande mwingine. Inawezekana seli za dopamini zinahitaji chuma hicho kutengeneza dopamini yenyewe.

Kwa nini yote yameshindwa? Nafikiri kuna sababu mbili, na hapa natoa maoni yangu. Ya kwanza ni muda. Mtu anapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli zake za dopamini imeshakwenda. Tunamwaga maji kwenye nyumba ambayo paa limeshaanguka. Ya pili ni kwamba hatukuwa na kiashiria cha kutuambia kama kidonge kilizima moto ule ubongoni. Tulimeza vitamini, tukapima damu, tukaona damu ina vitamini. Ubongo hatukuuona. Ndiyo maana kutafuta kiashiria kizuri si kazi ya anasa kwangu. Bila hicho, kila jaribio lijalo litakuwa la kubahatisha.

Kwa hiyo fedha yako, kaka: Q10 haitakupunguzia Parkinson. Vitamini E ya kipimo kikubwa nayo haitakupunguzia, na utafiti mkubwa uliofanywa kwa wanaume ulionyesha mwaka 2011 kwamba uniti 400 kwa siku ziliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17. Mwonyeshe daktari wako vidonge vyote unavyotumia kabla ya kuacha au kuendelea. Kitu ninachoona kimesimama imara zaidi ni mazoezi ya mwili, yanayotoa jasho, yanayoendana na uwezo wako. Yanasaidia mwendo, usingizi na moyo, na hayo utayaona mwenyewe bila maabara.

"Je, kuna kipimo chochote leo kinachoweza kuthibitisha Parkinson?" – Msomaji wa siku nyingi

Utambuzi bado unafanywa na macho na mikono ya daktari: mwendo uliopungua kasi, pamoja na kutetemeka wakati wa kupumzika au kukakamaa kwa misuli. Hakuna kiashiria cha oksidesheni kilichofikia kuwa kipimo cha utambuzi.

Kilichosonga mbele kimetoka upande mwingine, kwenye protini iitwayo alfa-sinukleini, inayojikunja vibaya na kurundikana ndani ya seli. Mwaka 2023 watafiti wa PPMI, mradi mkubwa unaofuatilia watu wenye Parkinson, waliripoti juu ya washiriki 1,123. Walichukua maji ya uti wa mgongo, wakatia humo protini nzima, wakasubiri kuona kama mbegu ya protini iliyopinda itazipindisha zile nzima. Kwa wenye Parkinson, mbegu ilipatikana kwa takriban asilimia 88. Kwa wale ambao ugonjwa wao unatokana na badiliko la jeni ya LRRK2 ilipatikana kwa wachache zaidi, kama asilimia 68. Kipimo hicho kinasema ipo au haipo. Hakisemi umefika wapi.

Hata huko, damu iliyopasuka ilisumbua. Seli nyekundu zimejaa alfa-sinukleini na DJ-1, protini nyingine inayohusika na ulinzi dhidi ya oksidesheni. Tone dogo la damu likiingia kwenye maji ya uti wa mgongo wakati wa kuchoma sindano, kipimo cha kiasi cha protini hizo kinapotoka. Maji yale yanatakiwa yawe angavu kama ya kunywa, na mimi nimekuwa nikiyainua mbele ya karatasi nyeupe kabla ya kuyakubali.

"Mama, shikamoo. Nina Parkinson na nimeombwa kutoa damu kwa utafiti wa viashiria. Wamesema sitapewa majibu yangu. Je, ni haki? Nikubali?" – Mgonjwa wa miaka 54

Marahaba. Ni haki, na sababu ni ile niliyomweleza binti wa barua ya kwanza: namba yako peke yako haina tafsiri bado, na kukupa kitu kisicho na tafsiri ni kukupa hofu. Kinachotakiwa ni wewe uelezwe wazi kwenye fomu ya ridhaa damu itatumika wapi, itahifadhiwa muda gani, na kwamba unaweza kujitoa wakati wowote bila tiba yako kuguswa.

Kama umeridhika na hayo, ningefurahi ukubali. Na kama watakuomba urudi baada ya miezi 6 au 12, jitahidi urudi. Sampuli moja ya mtu inafundisha kidogo. Sampuli za mtu huyohuyo, mwaka baada ya mwaka, saa ileile ya asubuhi, tumbo likiwa tupu kwa namna ileile, ndizo zinazokosekana kwenye majokofu yetu, kwa sababu hapo unalinganishwa na wewe mwenyewe na si na jirani mwenye misuli tofauti.

Andika saa uliyomeza levodopa ya mwisho na uwape, hata wasipouliza. Wape na orodha ya vitamini. Na anayekutoa damu akimaliza kufunga pamba, muulize kwa upole mrija wako utafika kwenye sentrifyuji baada ya dakika ngapi. Akikujibu mara moja, bila kutazama pembeni, umefika mahali pazuri.